Rula ya Shemsa

Alfajiri, jikoni, Sheffield,
mvua inakwaruza kioo kama paka wa jirani.
Nimerudi tangu saa saba usiku, sijavua buti,
zina mchanga ule tunaoumwaga relini
majani ya Novemba yanapogeuka sabuni.
Shemsa ana mtihani wa fizikia.
Meza imejaa nyaya, betri, vibanio vyenye meno ya mamba.
"Baba, tanua vidole. Usidake kabla sijaachia."

Rula ikaanguka. Nikadaka kwenye ishirini na nane.
Akabonyeza kikokotoo.
"Robo sekunde, kasoro kidogo. Juzi ulidaka kwenye kumi na saba."
Juzi nilikuwa nimelala, nikamwambia.
Akaandika pembeni: *usingizi*.

Kisha akanisomea kwa sauti ya Bi Ollerenshaw,
ile ya kubana pua:
umbali wa kusimama una vipande viwili,
cha kufikiri na cha breki.
Cha kufikiri ndicho gari linakwenda
na dereva bado hajafanya kitu.
Maili ishirini kwa saa, breki mita sita.
Arubaini, si kumi na mbili, baba. Ishirini na nne.
Nikasema mwendo ni mla riba,
unakopa mbili, unalipa nne.
Akacheka. Hilo hakuliandika.

Waya, lakini, ni mwungwana.
Aliubandika kwa selotepu juu ya rula ileile:
sentimita ishirini, omu moja na nusu,
arubaini, omu tatu.
Urefu maradufu, ukinzani maradufu,
hauongezi wala haupunji.
"Ila ukisahau kuzima swichi
waya unapata moto, vipimo vinaharibika."
Najua, mama.
Sikumwambia nimejuaje.

Pale Park Grange reli inateremka kama iliyosukumwa.
Saa nne na dakika tano, mvulana, kofia ya koti hadi nyusini,
akavuka akitazama kiganja chake kinachong'aa.
Nilimwona. Naapa nilimwona.
Na bado palikuwa na kipande kile,
kile cha kwanza,
ambapo mkono ni wangu na tramu si yangu,
tani arubaini na sita zinakwenda zake,
na nyuma yangu mtu anakula chipsi, nasikia harufu ya siki.

Halafu mkono ukafika.
Mota zikaacha kula umeme, zikautapika,
ukapanda hadi paani kwenye vikinza,
maana mwendo haufi, hubadili nguo tu.
Mkondo ukapewa njia nyembamba, ukagomba, ukawa joto,
joto likaingia kwenye mvua.
Sumaku zikang'ata reli. Kengele. Mchanga. Chipsi chini.
Mvulana akageuka, akanionyesha kidole,
akaenda zake.
Kati ya kioo changu na koti lake sikupima.
Rula mbili, labda. Labda moja na nusu.
Nilishuka nikasimama kwenye matone.
Juu ya paa mvuke ulikuwa ukitoka,
taratibu, kama sufuria iliyoepuliwa.

"Baba? Ya pili. Bi Ollerenshaw anataka vipimo vitatu,
tutafute wastani."
Nikatanua vidole, gumba na shahada.
"Mbona unatikisika?"
Baridi, nikasema.
Akanishika kifundo, akakikaza ukingoni mwa meza,
akaachia.
Ikanipita yote, sentimita thelathini nzima,
ikagonga kikombe, chai ikamwagikia mlinganyo.

"Hiyo haihesabiki," akasema.
Akafuta meza kwa mkono wa sweta,
akaacha nafasi tupu kwenye jedwali.
"Tena."
Rula ikaning'inia juu ya vidole vyangu.
Nikaitazama ncha yake ya chini, sifuri,
nayo bado haijaachiwa.